Kalamu ya wino isiyo na kifuniko, nibu inaingia ndani: nichague ipi?

Karani_Mkuu

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kuhusu kalamu za wino ambazo nibu (kile kipande cha chuma kinachoandika) inatoka na kurudi ndani kama peni ya kubofya. Kazi yangu ni kuandika vifungu vifupi kutwa nzima. Naandika mistari miwili mitatu, kalamu inakaa dakika kumi, kisha naishika tena. Kufungua na kufunga kifuniko kila mara kunachosha, na nikikiacha wazi nibu inakauka.

Mwandiko wangu ni mdogo, na karatasi ni zile za kawaida za kuchapishia, zinazonyonya wino. Ninachotaka kujua: je, wino haukauki kweli bila kifuniko? Kubofya na kuzungusha, kipi bora? Nibu ya dhahabu ina ulazima? Na kuna kitu gani watu hawakiangalii mpaka wameshanunua?

FundiNibu

Mkuu, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalowaumiza wengi: klipu.

Karibu kalamu zote za aina hii zina klipu upande wa nibu, si upande wa kitufe. Imewekwa hivyo makusudi. Ukiichomeka mfukoni, nibu inaangalia juu na wino haushuki nchani. Sasa basi, klipu hiyo inakaa palepale unaposhika. Mtu anayeshika kwa vidole vitatu, gumba upande huu na cha shahada upande ule, klipu inapita katikati ya vidole na hamna shida. Anayeweka kidole cha shahada juu kabisa ya kalamu, au anayekunja gumba juu yake, atagombana nayo kila siku.

Unaweza kujipima kabla hujanunua chochote. Chukua kalamu yoyote ya mviringo, bandika kijiti cha kiberiti juu yake kwa selotepu, kianzie sentimita 2 hivi kutoka nchani na kielekee nyuma. Andika ukurasa mzima, si jina lako tu. Kijiti kikigusa ubavu wa kidole, endelea na mpango wako. Kikikaa chini ya kidole, achana na kalamu yenye klipu isiyotoka, hata iwe nzuri namna gani.

Kijiti hicho kinafichua na jambo la pili. Klipu iko mstari mmoja na mpasuo wa nibu (ule unaoigawa ncha mara mbili). Kama mkono wako unaizungusha kalamu kidogo kidogo unapoandika, utaona kijiti kinahama kwenda kushoto au kulia. Maana yake hata nibu ingekuwa inakaa upande, ncha moja inagusa karatasi na nyingine inaelea, na hapo mstari unakatika. Watu wengi wanailaumu nibu kumbe ni mshiko.

Tukija kwenye kalamu zenyewe, mama wa zote ni Pilot Capless, iliyotoka Japani mwaka 1963. Marekani inauzwa kwa jina la Vanishing Point, kwa hiyo usidhani ni kalamu mbili. Ya sasa ina mwili wa chuma, uzito wa gramu 30 hivi, na nibu ya dhahabu ya karati 18. Unabofya nyuma, nibu inatoka. Unabofya tena, inarudi. Ndugu zake ni hawa:

Decimo ni nyembamba na nyepesi, gramu 20 hivi, kwa sababu mwili wake ni wa alumini. Kwa mkono mdogo au kazi ya kutwa nzima, mimi ningeanzia hapo. Fermo ni ya kuzungusha, nzito zaidi ya Capless ya kawaida. LS ilitoka 2019: unabofya kuitoa, nayo inatoka kimya, kisha unazungusha kuirudisha. Ni nzito, na ni ya mtu asiyependa ule mlio wa "tak!" kwenye kikao.

Uzuri wa familia hii ni kwamba seti ya nibu inatoka nzima, yaani nibu, ulimi wake (ile plastiki yenye mifereji chini ya nibu) na sehemu ya kuchomekea katriji (kichupa kidogo cha wino), vyote kwa pamoja. Unaweza kuwa na mwili mmoja na seti mbili, nyembamba na nene, ukabadilisha kwa sekunde.

Nje ya Pilot kuna Lamy Dialog 3, ya kuzungusha, iliyobuniwa na Franco Clivio. Nibu yake ni dhahabu ya karati 14, na ukiitoa nibu nje, klipu inazama kuelekea mwilini ili isikukwaze. Ufundi wake ni mzuri sana, ila ina karibu gramu 48. Mkono usiozoea utachoka. Kisha kuna Platinum Curidas ya mwaka 2020: mwili wa plastiki inayoonyesha ndani, nibu ya chuma cha pua, na klipu inatoka kabisa. Ukishaitoa kinabaki kinundu kidogo, lakini si kikwazo kama klipu nzima. Na kuna Majohn A1 kutoka China, iliyofuata umbo la Capless, nibu ya chuma, inayopatikana yenye klipu au isiyo nayo.

Kwa mwandiko mdogo na karatasi inayonyonya, chukua nibu ya F (nyembamba; M ni ya kati). Kumbuka F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Kijerumani. M ya Pilot inakaribia F ya Lamy. Ukichukua M ya Lamy kwa karatasi hiyo, herufi "a" na "e" zitajaa wino katikati zisomeke kama nukta.

Mashoto

Nakazia hapo kwenye klipu, na niongeze kwa sisi tunaoandika kwa mkono wa kushoto. Mashoto anayeandika mkono ukiwa chini ya mstari anaweza kuitumia Capless bila tatizo. Anayekunja mkono ukawa juu ya mstari, kalamu inalala upande mwingine, na gumba ndilo linaloangukia kwenye klipu. Huyo atazame Curidas iliyotolewa klipu au A1 isiyo na klipu. Tahadhari moja: kalamu isiyo na klipu inabiringika, na ikianguka nibu ikiwa nje, inaweza kuangukia ncha. Ibofye irudi ndani kila unapoiweka chini. Iwe mazoea, hata kama ni sekunde tano.

Kuhusu dhahabu, FundiNibu amepita haraka. Dhahabu haiongezi ulaini wa kuandika kwa sababu kinachogusa karatasi si dhahabu. Ni chembe ngumu ya aloi iliyochomelewa nchani, na nibu ya chuma nayo inayo. Dhahabu inaleta mnepo kidogo ukikandamiza, na haili kutu kwa wino wenye asidi. Kwenye nibu hizi fupi na nyembamba hata huo mnepo ni mdogo. Kwa vifungu vya mistari mitatu, nibu ya chuma iliyosawazishwa vizuri inatosha kabisa. Lipa kwa ajili ya dhahabu kama unaipenda, usilipe ukitegemea muujiza.

Na kubofya au kuzungusha? Swali ni kwamba kalamu inalala wapi. Ikilala mezani au kwenye pochi ya kalamu, bofya, unatumia mkono mmoja. Ikilala mfuko wa shati, kitufe kinaweza kubonyezwa na mkanda wa begi au ukiinama juu ya meza, nibu ikatoka na kitambaa kikaunyonya wino taratibu bila wewe kujua. Hapo ya kuzungusha ina usalama zaidi. Ubaya wake ni kwamba inataka mikono miwili, na wewe umesema unachoka kufungua na kufunga kifuniko.

Kidau

Ngoja nijibu la kukauka, maana halijajibiwa.

Ndani ya mdomo wa kalamu kuna kimlango kidogo chenye springi. Nibu ikitoka inakisukuma, ikirudi kinajifunga nyuma yake. Dialog 3 inatumia kitu kama tufe linalozunguka kuziba tundu, lakini kazi ni ileile. Kifuniko cha kawaida kina kikombe kidogo ndani kinachoizunguka nibu kwa karibu, hivyo hewa iliyomo ni kidogo na inajaa unyevu upesi. Huku kwenye kubofya, nibu inakaa kwenye chumba kikubwa zaidi, na kila ukibofya unaingiza hewa mpya. Kwa hiyo maji ya wino yanapungua polepole hata mlango ukiwa mzima.

Kwa matumizi yako ya dakika kumi kumi, hutaona tofauti yoyote. Ukiiacha wiki nzima, mstari wa kwanza unaweza kutoka mzito na wenye rangi iliyokolea, kisha unarudi kawaida. Ikiacha kuandika kabisa baada ya usiku mmoja tu, usilaumu aina ya kalamu: mlango haufungi. Mara nyingi ni wino ulioganda kwenye bawaba yake.

Ndiyo maana wino una umuhimu hapa kuliko kwenye kalamu ya kifuniko. Tumia wino wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji: wa kawaida wa Pilot, Iroshizuku (nao ni wa Pilot), au unaofanana nao. Wino wa chembe, ule usiofutika kwa maji, ukikauka kwenye bawaba hautoki kwa kuosha tu. Wino wenye vumbi la kumetameta unazama chini ya konveta (kifaa cha kunyonyea wino kinachokaa mahali pa katriji), unaziba mifereji ya ulimi, na punje zake zinabaki mlangoni. Wino wa chuma na asidi unawezekana kama unaandika nayo kila siku na unaiosha kila mwezi. Kama huna nidhamu hiyo, uache.

Karatasi yako inayonyonya inataka wino usiotiririka sana. Ukiona manyoya pembeni mwa herufi, badilisha wino kabla ya kubadilisha nibu.

Sasa ujazo, ambako Capless ina udhaifu wa kweli. Katriji ya Pilot inabeba mililita 0.9. Konveta inayoingia humo, CON-40, inabeba 0.4 tu, chini ya nusu. Ile kubwa, CON-70, haiingii kwa sababu nafasi haitoshi. Isitoshe, CON-40 haijai kwa kunyonya mara moja, inabakiza hewa juu. Ukitaka ijae, nyonya mara ya kwanza, geuza nibu iangalie juu, sukuma polepole mpaka hewa itoke na wino uonekane unafika kwenye ulimi, kisha zamisha tena bila kuachia na unyonye. Rudia mara moja zaidi. Nibu yote lazima izame, la sivyo inavuta hewa. Kwa kuwa seti hii ni fupi, kwenye chupa iliyobakiza wino kidogo utachafua vidole. Egemeza chupa.

Njia rahisi kwa mtu anayeandika sana ni kujaza upya katriji kwa sirinji yenye sindano butu. Isuuze, weka wino mpaka karibu na shingo, usifikishe mdomoni, uifute mdomo, uichomeke mpaka usikie imekaa. Ikishajazwa mara kadhaa mdomo wake unalegea. Ukiona inacheza ikichomekwa, itupe.

FundiNibu

Kidau umesema kweli, ila kuna kipande kimoja kidogo ambacho watu wanakipoteza wakifuata njia hiyo ya katriji. Capless inakuja na kofia ndogo ya chuma. Kofia hiyo inavalishwa nyuma ya katriji kabla ya kurudisha seti mwilini, kwa sababu mtambo wa kubofya unasukuma kutokea nyuma. Bila kofia, chuma kinasukuma kwenye plastiki laini, na kila ukibofya unaisugua. Ukitumia konveta kofia haihitajiki, unaiondoa. Iweke mahali unapopakumbuka.

Na kurudisha seti mwilini kuna namna yake. Kwenye seti kuna kinundu, na kwenye ukingo wa nusu ya mbele ya mwili kuna mkato. Kinundu kiingie kwenye mkato, ndipo ufunge nusu ya nyuma. Ukihisi ugumu kwenye nyuzi za skrubu, simama. Usilazimishe. Umeiweka kombo, na ukiendelea kukaza unaharibu nyuzi.

Kwenye dhahabu sibishani sana na Mashoto. Ila akumbuke kwamba kwa Capless hununui dhahabu peke yake, unanunua upana wa chaguo. Kuna EF (nyembamba sana), F, M, B (nene) na hata nibu bapa, zote kwenye mwili uleule. Curidas haina upana huo. Na seti za Pilot zinaingia kwenye mwili wa Majohn A1, kwa hiyo mtu anaweza kuanza na A1 na nibu yake ya chuma, akaona kama mtindo huu unamfaa, kisha akapandisha nibu baadaye. Kwa anayesitasita, hiyo ndiyo njia ningempa.

Onyo kwa wanaopenda vya zamani: ukikuta kalamu ya miaka ya 1910 au 1920 ambayo nibu inapanda kwa kuzungusha nyuma, hiyo si ya jamii hii. Ni kalamu ya usalama. Mwili wote ni tangi la wino, nibu inazama ndani ya wino wenyewe, na inazibwa kwa kifuniko cha skrubu. Ukifungua ikiwa imelala, wino unamwagika wote. Na ukifunga kifuniko nibu ikiwa bado juu, unaivunja. Nzuri kwa kabati, si kwa ofisi.

Karani_Mkuu

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la kijiti: kinapita ubavuni mwa kidole cha shahada, hakinisumbui. Kwa hiyo naelekea Decimo, nibu F, katriji za kujaza upya. Mawili yamebaki. Nimesoma kwamba wino hujikusanya mdomoni mwa kalamu hizi na kuchafua vidole; unatoka wapi? Na kalamu ikifika nikague nini kabla muda wa kuirudisha haujaisha?

Kidau

Wino wa mdomoni una vyanzo viwili, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni hewa. Wino ukipungua, nafasi yake inachukuliwa na hewa. Joto la mkono linaitanua, nayo inasukuma wino kwenye ulimi. Katriji ikiwa imebakiza robo, hewa ni nyingi kuliko wino na tone linaweza kudondoka. Kwa hiyo jaza mapema, ikifika theluthi, na ukibofya kalamu iliyokaribia kuisha, nibu iangalie juu. Kwenye ndege ni kanuni hiyohiyo: iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu juu.

Cha pili ni kubofya kwa nguvu. Kitufe kikiachiwa ghafla, seti inarudi kwa kishindo na wino ulio juu ya nibu unarushwa kwenye kuta za ndani. Ukiongoza kitufe kwa gumba mpaka mwisho, badala ya kukiachia kiruke, tatizo linapungua sana.

Usafi: ukibadilisha rangi, au kila wiki nne hadi sita. Toa seti, toa katriji, pitisha maji ya kawaida (si ya moto) kwa sirinji kutokea nyuma mpaka yatoke meupe. Wino ukiwa umekazana, loweka seti usiku mmoja. Usitumie spiriti, inaharibu plastiki. Kausha kwa kuifunga nibu na tishu, ncha chini, nayo tishu itavuta maji yaliyobaki kwenye ulimi. Mlango uusafishe kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, kisichochuruzika, kwa sababu bawaba na springi ni chuma. Na usitie mafuta, hata tone. Yatafika kwenye nibu na mstari utaanza kuruka.

Mashoto

Ukaguzi ufanye kabla ya kutia wino. Maduka mengi hayarudishi kalamu iliyokwisha kutiwa wino.

Rudisha nibu ndani, elekeza mdomo kwenye mwanga. Mlango uwe umeziba tundu lote, usione nibu hata kidogo nyuma yake. Kisha bofya polepole sana huku ukitazama: nibu ipite katikati bila kukwaruza ukingo wa mlango. Rudia mara ishirini. Mlango ukikwama hata mara moja, rudisha.

Toa seti, tazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ncha mbili ziwe usawa mmoja, na mpasuo uende ukijibana kuelekea mwisho. Moja ikiwa juu ya nyingine, itakwaruza ukivuta mstari upande mmoja tu. Usijinyooshee mwenyewe nibu ya dhahabu ambayo bado ina dhamana.

Nibu ikiwa nje, itikise kwa kidole. Mchezo mdogo sana ni kawaida kwa kalamu za kubofya, lakini usisikie ikigonga unapoandika. Huo wa kugonga mara nyingi ni kinundu ambacho hakikukaa kwenye mkato, kwa hiyo fungua uipange upya kwanza.

Ikipita hayo yote, chovya nibu kwenye maji safi na uandike kwenye karatasi yako ileile. Mstari wa maji ukikatika palepale kila mara, jua na wino utakatika hapo. Kama haukatiki, weka katriji, valisha ile kofia ya chuma, iache ncha chini dakika kumi wino ushuke kwenye ulimi, ndipo uandike.